Barua kwa wajukuu zangu mlioingia bunge la kaunti

Wajukuu zangu,

Nimeona picha zenu mkiapishwa, nikapiga vigelegele peke yangu hapa barazani. Kisha nikasikia mmoja wenu kasema mambo ya barabara hatayagusa, maana yeye si mhandisi. Haya, kaeni niwape habari za Barbara Castle.

Mama huyu wa chama cha Labour aliiwakilisha Blackburn, kule Uingereza, tangu 1945 hadi 1979. Mwaka 1965 akapewa wizara ya uchukuzi, na gari hajui kuendesha! Wakamcheka. Mwaka 1967 madereva walevi wakaanza kupulizishwa kipimo, na sheria hiyo ni yake.

Huku kwetu alitufaa kabla ya hapo. Mwaka 1955 alifunga safari hadi Kenya kufuatilia kifo cha mtu mmoja, Kamau Kichina, aliyefia mikononi mwa polisi. Machi 1959 watu 11 wakauawa kwa kipigo katika kambi ya kizuizini ya Hola, serikali ya kikoloni ikatangaza kwamba wamekufa baada ya kunywa maji. Maji! Castle alikuwa miongoni mwa wabunge waliokataa kuumeza uongo huo. Nanyi mkisomewa ripoti ya vifo, ulizeni majina.

Mwaka 1968, akiwa waziri wa ajira, mafundi cherehani wa Ford kule Dagenham waligoma. Walishona vitambaa vya viti vya gari kwa asilimia 85 ya ujira wa mwanamume. Akawaita ofisini, wakanywa chai, wakatoka na asilimia 92. Nane zilibaki. Mwaka 1970 akapitisha sheria ya malipo sawa.

Kukosea alikosea. Mwaka 1969 alitaka kuvibana vyama vya wafanyakazi kwa sheria, na chama chake mwenyewe kikamgomea. Hapo simtetei.

Ninalompendea zaidi ni posho ya watoto. Nafuu ya kodi kwa ajili ya watoto ilikuwa ikiingia kwenye mshahara wa baba. Sheria yake ya 1975 ikataka pesa zitiwe mkononi mwa mama. Aliyewahi kufunga shilingi kwenye pindo la leso haulizi tofauti ni ipi. Mwaka uliofuata waziri mkuu mpya, Callaghan, akamtoa kwenye baraza la mawaziri, serikali ikaanza kuipiga danadana posho ile, naye akaipigania kutoka viti vya nyuma bungeni mpaka ikalipwa.

Kikao cha bajeti nitakuja, inshallah. Nitakaa nyuma, na nitawauliza basari za wadi zenu zimeandikwa kwa jina la nani.

Bibi yenu