Deni la dagaa

Mbamba Bay,
3 Agosti

Mpendwa Tumaini,

Salamu nyingi kutoka ziwani. Kipupwe kimetushika kweli mwaka huu, upepo unavuma tangu alfajiri na mitumbwi imelala ufukweni.

Nakuandikia kwa sababu nimeshindwa. Unakumbuka Januari tulipokaa chini ya mwembe, vipepeo wadogo wa kahawia wakinyonya maembe yaliyooza? Ulisema ndio hao hao tunaowaona Julai kwenye majani makavu. Mimi nikaapa kuwa ni wa aina mbili, maana wa masika ana macho makubwa mbawani na wa kiangazi hana kitu. Tukawekeana debe la dagaa.

Mwezi Mei nilinasa jike kwa ndizi iliyooza, nikamfunika kwa chandarua pamoja na miche ya mahindi. Alitaga mayai meupe ya mviringo, moja moja, madogo kuliko punje ya mtama. Viwavi walipotoka nikawagawa: nusu barazani kwenye baridi, nusu jikoni karibu na ukuta wa jiko. (Wanne waliliwa na sisimizi. Mama mkwe hakuhuzunika.) Kiwavi anakula majani ya mahindi usiku na mchana, anajivua ngozi mara nne, kisha anajining'iniza kichwa chini na kuwa pupa ya kijani.

Wa jikoni walimaliza safari nzima kwa wiki tano hivi, wakatoka na macho: doa jeusi, nukta nyeupe katikati, duara la dhahabu pembeni. Wa barazani wamechukua zaidi ya miezi miwili, nao ni kahawia tupu kama jani lililokauka. Mama mmoja, Tumaini! Joto la siku za mwisho za ukiwavi ndilo linaloamua. Na ina maana yake: wakati wa mvua macho yale humfanya adui adonoe ukingo wa ubawa badala ya kiwiliwili. Kiangazi, nyasi zikikauka, hana pa kutagia, basi anajificha tu akisubiri mvua.

Jina lake la kitaalamu ni Bicyclus anynana. Ana ndugu wanaofanana naye sana, kwa hiyo usimwangalie mgongoni, msubiri akunje mbawa. Kwa chini utahesabu macho mawili ubawa wa mbele na saba ubawa wa nyuma. Kiangazi yanabaki kama nukta. Mishipa ya ubawa wa mbele imevimba penye shina. Utadhani ana miguu minne, kumbe miwili ya mbele ameikunja kifuani.

Kilichonichekesha zaidi ni hiki. Vipepeo hawa wanafugwa katika maabara za Ulaya, na ukoo wao ulianzia kwa majike zaidi ya 80 waliokamatwa mwaka 1988 Nkhata Bay, kule Malawi. Ng'ambo hapo tu! Wazungu wamekuja kuchukua mabibi zao upande wa pili wa ziwa, sisi huku tunabishana chini ya mwembe.

Dagaa nitampa dereva wa basi la Jumamosi, umpokee stendi Songea. Debe limejaa, lakini juu nimeacha nafasi kidogo ya kopo lenye pupa wa mwisho wa barazani. Tangu jana ameanza kuwa mweusi, yaani kipepeo anakaribia kutoka, kwa hiyo ufungue haraka.

Wako,
Rehema