Barua kwa Kaka: jina lililoandikwa ni la Mama

Berlin, Jumapili, 8 Machi 2026

Kaka,

Assalaam alaykum. Mimi sijambo, nafunga vizuri, na saumu ya huku mwaka huu nyepesi kwa sababu jua linazama saa kumi na mbili jioni kama kwetu. Ujumbe wako wa sauti nimeupata, ule wa dakika saba. Nilianza kuusikiliza kwenye treni nikauzima, watu walikuwa wananitazama. Wewe ukizungumza habari za pesa unapaza sauti kana kwamba niko ng'ambo ya mto. Nimeona bora nikuandikie. Utamsomea Mama yote, na yale yasiyokupendeza usiyaruke. Zuhura sasa anajua kusoma, nitamuuliza.

Pesa ya Idd nimeshatuma. Ni ya Mama na watoto, nguo na kuku. Ya bati haimo.

Sasa safari. Nilisema mwaka juzi, nikasema mwaka jana, na safari hii sisemi tena, nimetenda. Mama anakuja mwezi wa sita, Idd ya kuchinja ikishapita. Wiki mbili zilizopita nilikwenda kusaini ile hati wanayoiita Verpflichtungserklärung (usijaribu kulitamka mbele ya Mama, atacheka mpaka presha ipande). Kwa hati hiyo nimeiahidi serikali ya hapa kwamba mgeni wangu akila, akilala, akiugua, gharama ni zangu. Nilipeleka karatasi za mshahara na mkataba wa nyumba, nikalipa euro 29. Yule mama wa mezani akaniuliza maswali kwa Kijerumani, nikamjibu kwa Kijerumani, sikukwama hata neno moja. Mimi huyu, niliyepata F ya Kiingereza kidato cha pili ukanicheka mbele ya wageni.

Kwenye hati ile kuna jina moja. La Mama. Hilo ulilosema kwenye ujumbe wako kwamba "tutakuja mimi na Mama maana hawezi kusafiri peke yake" limetoka wapi? Mama aliyekuwa akienda Dar na magunia ya korosho enzi za kivuko cha Rufiji, leo hawezi kukaa kwenye kiti akaletewa chai? Ndege ya moja kwa moja kutoka Dar hadi hapa hakuna, lazima abadilishe njiani, Doha au Istanbul, lakini tiketi nikishaikata nitamwombea kiti cha magurudumu. Hawatozi chochote. Anachukuliwa mlango wa ndege hii anapelekwa mlango wa ndege ile kama malkia, na mimi nitakuwa nimesimama uwanjani hapa tangu alfajiri.

Tuje kwenye pasi ya kusafiria ya Mama, na hapa ndipo moyo unaponiuma. Mwezi wa tisa ulinitajia laki nne na nusu, nikatuma. Mwezi wa kumi na moja ukaniambia kuna "usumbufu mdogo", nikaongeza. Kaka, pasi ya kusafiria Tanzania ni shilingi 150,000. Siyo siri, imeandikwa. Leo ni mwezi wa tatu, Mama hana pasi, na shangazi amenitumia picha ya harusi ambayo nyuma ya bibi harusi naiona nyumba yako ina bati jipya la bluu. Zuri, hongera. Sitaki tugombane mwezi mtukufu. Nataka tu kesho kutwa umpeleke Mama Uhamiaji, wewe mwenyewe, na cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa, na risiti uipige picha unitumie.

Maana bila pasi hakuna kinachosogea. Maombi ya viza yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho kabisa ni siku 15 kabla, lakini atakayengoja siku 15 atabaki Lindi. Miadi inajaa mapema. Ada ni euro 90, wakikataa hairudi. Ataweka na alama za vidole, kwa hiyo mwambie asipake hina wiki hiyo, ajipake akisharudi nyumbani. Bima ya safari nitainunua mimi. Wanataka inayofikia euro 30,000, na usishtuke, hicho ni kiwango watakacholipa wao akiugua, siyo bei tunayolipa sisi. Bima hiyo ni ya ugonjwa wa ghafla. Presha na sukari alizokuja nazo kwa kawaida hawazigusi. Kwa hiyo abebe dawa za siku zote atakazokaa na ziada ya wiki mbili, kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya daktari. Zisiwekwe kwenye begi la chini.

Kitu kingine watu wa viza watakachotaka kuona ni kwamba mtu ana cha kumrudisha kwao. Mama ana wajukuu kumi na mmoja, lakini wajukuu hawapigiwi fotokopi. Ana shamba la Ng'apa. Hati ya shamba hilo iko kwenye sanduku lako la chuma, chini ya yale magazeti. Naitaka kopi yake. Nimesikia pia kwamba kuna mtu wa Mtwara ameonyeshwa mikorosho ile akahesabu mpaka miti. Sijui kama ni kweli na sitaki kujua kwa barua. Ninachojua ni kwamba Baba aliipanda ile mikorosho mimi nikiwa mgongoni kwa Mama. Na mwezi wa sita ni wakati wa kupuliza salfa, kwa hiyo hata kama ubalozi wenyewe ungekuita, wewe una kazi shambani.

Haya, hasira zimekwisha. Ngoja nikupe ya mizigo.

Najua Mama ameshaanza kupanga kikapu. Mwambie hivi: maembe asilete. Sheria ya Ulaya inataka cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila tunda, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Kwa hiyo nazi zinapita! Kaka, alete nazi. Nazi za huku zimekauka, ukizikuna unapata unga kama wa mbao. Nyama na maziwa ya aina yoyote ni marufuku, hata nyama iliyokaushwa, hata samli ya shangazi. Samaki wanaruhusiwa, mradi wametolewa matumbo na hawazidi kilo 20. Ng'onda, Kaka. Wale wa kina mama wa ufukweni, wawili watatu, wafungwe kwenye mifuko minne, maana nina majirani. Na korosho zilizokaangwa, hizo hazihitaji maelezo.

Kuna siku Mama aliniuliza kwenye simu, "Nije nione nini huko, majengo?" Sikumjibu vizuri, nilikuwa naingia zamu. Nataka nimjibu sasa.

Mama, majengo utayaona kwa basi namba 100. Ni basi la kawaida la ghorofa, wanalopanda watu wa kazini, linatoka Zoo linakwenda Alexanderplatz, linapita kwenye Bunge lao lenye kuba la kioo na karibu na lile lango la Brandenburg. Watalii wanalipa pesa nyingi kwa mabasi mekundu yanayozunguka kulekule. Utakaa ghorofani mbele, utaona yote, utasema "basi?" na tutarudi nyumbani kula. Ukitaka kupanda kwenye lile kuba ni bure, ila lazima nikuandikishe kabla, jina na tarehe ya kuzaliwa, na pasi mkononi.

Lakini ninachotaka uone mimi kiko mtaa wa Invalidenstraße. Ni jumba la makumbusho ya viumbe, Jumatatu hufungwa. Nilipoingia mara ya kwanza nilikuwa nimetumwa na watu wa shule ya uuguzi, sikuwa na habari ya chochote. Ukumbi wa kwanza tu, mnyama wa kale, dinosaria, amesimama, mifupa mitupu, kimo chake zaidi ya mita 13, shingo inakwenda mpaka karibu na paa. Nikasoma kibao. Kimeandikwa Tendaguru. Tendaguru ya kwetu Lindi, Mama! Nyuma ya Mipingo, kwa kina shangazi! Nikatafuta pa kukaa. Mzungu mmoja akaja kuniuliza kama naumwa.

Unakumbuka Bibi alivyokuwa akisema babu yake alibeba "mawe ya Mjerumani" siku nne kwa miguu mpaka bandarini Lindi, na mgongo haukumnyooka tena? Sisi tulikuwa tunacheka, tunasema Bibi anatunga. Yalikuwa mifupa hii. Walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, mamia ya watu wa kwetu, mizigo ya tani zaidi ya 200 ikatolewa porini vichwani na mabegani. Huyu mkubwa akaja kusimamishwa hapa 1937. Watoto wa shule wanakuja mistari kwa mistari wanampiga picha, na ukiwauliza Lindi iko wapi hawajui. Mimi nawaambia. Kwa Kijerumani.

Mjomba anasema warudishe. Mimi nasema kwanza Mama amwone.

Ukitoka pale, treni ni ileile, U6, kituo chenyewe kinaitwa Naturkundemuseum. Unaendelea nayo kaskazini mpaka mtaa wa Wedding, unashuka Rehberge, na kuna barabara ambayo tangu Agosti 2024 inaitwa Maji-Maji-Allee. Zamani ilikuwa na jina la yule Karl Peters, mkoloni wa Kijerumani aliyeitwa mkono wa damu. Karibu na kwangu napo kuna mtaa uliokuwa wa Wissmann, yule wa vita vya Bushiri, na tangu 2021 ni Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck wetu, mwanasiasa wa enzi za uhuru! Napita hapo na mfuko wa vitunguu. Njoo na kanga yako ya UWT, nitakupiga picha chini ya kibao.

Kaka, haya mengine ni ya kumwandaa tu, umwambie polepole.

Mwezi wa sita huku jua linazama saa tatu na nusu usiku, na saa kumi na moja kasorobo alfajiri limeshatoka. Magharibi inaingia Mama ameshasinzia. Nimemnunulia pazia zito, na saa ya adhana iko kwenye simu. Msikiti wa Waturuki wa Columbiadamm hauko mbali, una minara miwili na pana wanawake wengi wa umri wake. Lugha hawataelewana, lakini nimeona wanawake wakielewana kwa tende.

Usafiri: nauli za huku ni kwa kanda A, B na C, na uwanja wa ndege uko kanda C, kwa hiyo tiketi ni ya ABC, siyo AB. Wakaguzi wengine huvaa nguo za kawaida, na ukikamatwa huna tiketi sahihi ni euro 60, hata uwe bibi kizee. Nitamkatia ya mwezi ya nchi nzima, euro 63. Hiyo ni ya kujiandikisha, usipoikatisha kabla ya tarehe 10 inakukata na mwezi unaofuata. Najua kwa sababu imenikata. Njia nyekundu pembeni mwa barabara ni ya baiskeli, asisimame hapo kusalimiana na watu. Jumapili karibu maduka yote yamefungwa, kama leo. Nimefungua jokofu nikakuta limau na mtindi. Chupa tupu asitupe, ya plastiki kwa kawaida ni senti 25 ukiirudisha dukani. Nina hakika baada ya wiki moja Mama atakuwa anaokota za majirani, na sijui nitamzuiaje.

Nyumba yangu ni vyumba viwili na jiko, na nina roshani. Kwenye roshani nimeotesha mchicha, mwaka jana ulikubali. Ni ghorofa ya nne na lifti hakuna, lakini ngazi ni pana na kila ghorofa pana dirisha la kupumzikia. Magoti yake nimeyafikiria. Nimeomba likizo wiki tatu, wiki nyingine ni zamu za usiku, kwa hiyo mchana nitakuwa naye. Kulala nitalala akisharudi.

Usimwambie nimekonda. Picha zile ni za kamera.

Mwisho, nina kazi moja ndogo kwako na hii haina gharama. Mitaa ya huku ina mawe, na malapa yale hayatafika hata kona ya kwanza. Chukua karatasi ya daftari la Zuhura, Mama aweke mguu juu yake, mchore unyayo kwa penseli kuzunguka. Yote miwili, maana wa kushoto jioni huvimba. Mchore jioni. Upige picha na rula pembeni, unitumie leo hii kabla hujasahau, kiatu nimeshakiona dukani na kinauzwa nusu bei mpaka Jumamosi.

Mdogo wako,
Mwanaidi