Kileleni waachiwe pimbi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu vilima vya mawe vya hapa Mwanza.

Jumapili iliyopita, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda na wajukuu wawili kilima kimoja cha kando ya ziwa. Sikitaji jina, maana wanaopasua kokoto pale ni majirani zangu na wanatafuta ugali kama mimi. Njia si ndefu, ila mwamba wa itale hauna huruma. Pengine tulitambaa, na mdogo akaona heri avue kandambili.

Juu kabisa kuna mawe makubwa yaliyopandana. Jua lilipoanza kuyagonga, pimbi wakachomoza kwenye ufa mmoja mmoja, wakalala kifudifudi wamebanana. Baridi hawaiwezi, lazima waote jua kwanza ndipo waende kula. Mmoja alibaki juu akilinda. Mwewe alipokatiza akapiga mluzi, na kufumba na kufumbua jiwe likawa tupu, yamebaki madoa meupe ya mikojo yao tu. Nikawaambia watoto kwamba ndugu wa pimbi ni tembo. "Babu, acha utani," mkubwa akasema.

Kisha akaja mjusi dume, kichwa na mabega rangi ya waridi iliyokolea, mwili wa buluu, akipiga pushapu mbele ya jike wa kahawia. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae. Limetoka kwenye mji wetu, na nimefundisha miaka mingi hapa bila kulijua!

Tulishukia upande wa pili tukakuta moshi wa matairi. Mwamba huchomwa mpaka ukapasuka, ndipo kina mama wakae na nyundo wagonge kokoto. Kwenye ufa uliojaa masizi niliona vinyesi vya pimbi vimekauka. Pimbi hachimbi shimo. Ufa ukipasuliwa, hana pengine pa kulala.

Siombi kazi ipigwe marufuku. Nyumba yangu mwenyewe imejengwa kwa kokoto hizo hizo. Ninachoomba ni wanaotoa vibali wapande kilimani pamoja na wapasuaji, wayapige alama ya rangi mawe yaliyopandana kileleni, na hayo yasiguswe. Yale yaliyolala peke yake huko chini, yasiyo na nyufa, wapasue. Najua tutaambiwa pimbi wana Kisiwa cha Saanane, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Sawa, lakini kule ni kupanda boti na kulipa kiingilio, na hawa wa kilimani hawawezi kuogelea kwenda kuomba hifadhi.

Mdogo ameshauliza tunarudi lini. Nimemwambia Jumapili hii, kabla matairi hayajapandishwa juu.

Mwalimu mstaafu,
Mwanza