Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: Mtoto anayecheua apimwe kabla ya kuambiwa "ni kawaida"

Ndugu Mganga Mkuu,

Sisi ni wauguzi, wakunga na matabibu wa kliniki za mama na mtoto. Tunakuandikia kuhusu jibu linalotolewa kila siku katika vyumba vya uchunguzi vya mkoa huu. Mama anakuja na mtoto wa wiki 6 anayecheua kila akinyonya, anayelia akilazwa, anayejipinda mgongo na kuliacha titi kabla hajashiba. Anaambiwa watoto wote wanacheua. Akiuliza tena anaambiwa ana hofu ya uzazi wa kwanza. Anaondoka, na kwenye kadi hakuna kilichoandikwa.

Mara nyingi jibu hilo ni sahihi, na ndiyo sababu limezoeleka. Msuli unaofunga mlango kati ya umio na mfuko wa chakula bado haujakomaa kwa mtoto mchanga, hivyo hulegea mara kwa mara pasipo sababu. Umio wenyewe ni mfupi, chakula chake chote ni maji, na muda mwingi amelala. Maziwa yaliyochanganyika na asidi yanapanda. Karibu nusu ya watoto walio chini ya miezi 3 hucheua angalau mara moja kwa siku. Hali hufikia kilele karibu na miezi 4, kisha hupungua mtoto anapoanza kukaa, na wanapofikisha mwaka 1 watoto 9 kati ya 10 wameacha.

Lakini aliyesema "ni kawaida" baada ya kupima, na aliyesema hivyo huku mtoto bado amefungwa mgongoni, hawajasema jambo moja. Wa kwanza ametoa majibu ya uchunguzi. Wa pili amemrudisha mama nyumbani tu.

Sehemu ya tatizo ipo kwenye zana zetu. Mwongozo wa matibabu ya mtoto mgonjwa tunaoutumia zahanati, kwa mtoto wa miezi 2 na kuendelea, unauliza: je, mtoto anatapika kila kitu? Mama mkweli atajibu hapana, kwa sababu kuna kinachobaki tumboni. Swali limekwisha. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2 mwongozo unatafuta uambukizo mkali, manjano, kuharisha na shida ya kunyonya. Hakuna kisanduku cha mtoto anayeumizwa na asidi. Kwa hiyo akija na kikohozi cha usiku anapewa dawa ya nimonia, akilia sana anaambiwa ni chango, na akicheua tu hapewi lolote. Mwongozo ulitengenezwa kuwaokoa watoto na magonjwa yanayoua wengi, nasi hatuulaumu. Tunasema mtoa huduma ajue pale unapoishia.

Tuanze na mizani, maana hapo ndipo makosa mengi hufanyika. Mtoto mwenye afya, katika miezi 3 ya kwanza, huongezeka gramu 20 hadi 30 kwa siku, yaani kama gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Mizani nyingi za kuning'inia zina alama za gramu 100. Ukimpima leo na keshokutwa hutaona kitu. Unahitaji siku 7 kamili. Halafu kuna baridi yetu. Mwezi wa Juni na Julai, Uyole au Tukuyu, hakuna mama anayependa kumvua mtoto sweta. Anapimwa na sweta, kofia, soksi na nepi iliyolowa, na nguo hizo zinameza ongezeko la wiki nzima, au zinaonyesha ongezeko ambalo halipo. Kliniki ikiwa na chumba kimoja kisicho na upepo, mtoto akavuliwa kila kitu, mfuko wa kupimia ukaning'inizwa kwanza na mshale ukarudishwa kwenye sifuri, namba ile inaaminika. Bila hivyo, mchoro wa kadi ni wa kubahatisha. Mtoto anayecheua sana lakini uzito unapanda kwenye mstari wake anahitaji ushauri na tarehe ya kurudi. Yule ambaye mstari wake umelala hana tena haki ya kuitwa wa kawaida, hata kama anacheua kidogo.

Mama naye asibishiwe kuhusu kiasi cha matapishi, aonyeshwe. Mimina kijiko kimoja cha chai cha maziwa, mililita 5, juu ya khanga kavu, kisha pembeni mimina kijiko cha mezani, mililita 15. Doa la kijiko cha chai ni kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwulize: la mwanao linafanana na lipi? Kwa dakika moja mmezungumza kwa kipimo, na mama hajadharauliwa.

Kisha rangi. Matapishi meupe au yaliyoganda kama mtindi ni maziwa. Matapishi ya kijani, kijani cha jani la mgomba, ni nyongo, na kwa mtoto mchanga hiyo ni dharura ya upasuaji mpaka ithibitike vinginevyo, kwa sababu utumbo unaweza kuwa umejisokota na kujikatia damu. Utumbo hufa kwa saa, si kwa siku. Hapa hakuna dawa ya kujaribu wala "tuone kesho". Mtoto asinyonyeshwe tena, awekewe mrija wa kutoa kilichomo tumboni kama upo, apewe maji ya mshipa, na apelekwe panapofanyika upasuaji wa watoto. Mama aje na kitambaa kilichotapikiwa ndani ya mfuko. Kitaonyesha rangi kuliko maelezo.

Kisha nguvu ya kutapika. Kucheua hutiririka mdomoni. Mtoto wa wiki 2 hadi 8 ambaye maziwa yanaruka mbali kila baada ya kunyonya, na akimaliza anatafuta titi kwa njaa ileile, huenda mlango wa kutokea kwenye mfuko wa chakula umekuwa mnene na kuziba. Huwapata zaidi wavulana, hasa wazaliwa wa kwanza. Yaani ndio haswa watoto ambao mama zao huambiwa wana hofu. Anyonyeshwe palepale, tumbo likiwa wazi, na mchunguzi aketi kushoto kwa mtoto. Mawimbi huonekana yakitembea kutoka kushoto kwenda kulia, na kwa mkono mtulivu uvimbe mgumu mdogo huguswa juu ya kitovu, upande wa kulia. Usipouhisi usiseme haupo. Mpeleke akapigwe picha ya mawimbi ya sauti. Na anayempokea akumbuke kuwa mtoto huyu amepoteza maji, chumvi na asidi ya tumbo. Maji na chumvi za damu hurekebishwa kwanza, upasuaji baadaye. Kumkimbiza kwenye chumba cha upasuaji kabla ya hapo kunaweza kumfanya ashindwe kupumua baada ya usingizi wa dawa.

Mengine ya kutafuta tunayataja kwa ufupi: damu kwenye matapishi au kinyesi, homa, utosi uliovimba, tumbo lililojaa, mtoto mlegevu, nepi chache zilizolowa kuliko alivyozoea, na kutapika kulikoanza baada ya miezi 6 au kunakoendelea baada ya mwaka.

Asipokuwa na lolote kati ya haya, kazi inayobaki ni kumtazama akinyonya, mwanzo hadi mwisho. Inachukua kama dakika 15 na ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Utaona mtoto aliyeshika chuchu tu na anameza hewa. Utaona mama mwenye maziwa mengi yanayofyatuka, mtoto anakabwa na kugugumia; huyo aegemee nyuma akinyonyesha, mtoto awe juu yake. Abeulishwe anapobadilishwa titi, si mwishoni tu. Baada ya kunyonya ashikwe wima begani dakika 20 hadi 30. Huku kwetu mama anamaliza kunyonyesha, anamfunga mtoto kwa mbeleko na kuinama kupalilia mahindi au kuchuma chai. Fundo la mbeleko na mgongo wa mama vinalibana tumbo lililojaa, na maziwa yanatoka. Hatumwambii aache kazi. Tunamwambia asubiri nusu saa, au mtoto abebwe wima na bibi au dada kwanza.

Kulala, alale chali kwenye godoro tambarare. Ushauri wa kumwinua kwa mto bado unatolewa na wengine wetu, na si salama: mtoto huteleza, kidevu kinaangukia kifuani na njia ya hewa inabanwa.

Kwa anayetumia maziwa ya kopo, piga hesabu kabla ya kulaumu tumbo. Kiasi cha kawaida ni kama mililita 150 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 5 anahitaji 750. Kwa milo 8 ni kama 95 kila mlo. Akipewa 150 kila anapolia, atacheua kwa sababu amejazwa. Na anavyocheua analia, na anavyolia anaongezewa.

Sasa maziwa ya ng'ombe, jambo linalosahaulika katika wilaya zenye maziwa mengi kama Rungwe. Baadhi ya watoto wanaotapika, wenye ukurutu au uzi wa damu kwenye choo, mwili wao unakataa protini ya maziwa ya ng'ombe, na protini hiyo hupita hata kwenye maziwa ya mama. Hapa jaribio ni mama kuacha maziwa yote kwa wiki 2 hadi 4: chai ya maziwa, mtindi, siagi, na maandazi yaliyokandwa kwa maziwa. Maziwa ya mbuzi si mbadala, protini zake zinafanana. Ale dagaa na mboga za majani ili asipungukiwe madini ya mifupa. Baada ya muda huo arudie kunywa. Hali ikirudi, jibu limepatikana. Isiporudi, asiendelee kunyimwa chakula bure.

Dawa zije baada ya hayo. Omeprazoli si dawa ya kucheua. Inapunguza asidi, haizuii maziwa kupanda, na mtoto anayeitumia hupata maambukizi ya tumbo na ya kifua kwa urahisi zaidi. Ipewe mtoto anayekataa kunyonya kwa maumivu au asiyeongezeka uzito baada ya hatua zilizotangulia, kwa kuanzia miligramu 1 kwa kilo mara moja kwa siku, nusu saa kabla ya kunyonya, kwa wiki 4, kisha atathminiwe upya. Kosa tunaloliona ni kusaga punje za kidonge cha kapsuli. Punje zile zimefunikwa ili asidi isiziharibu. Ukizisaga umeiua dawa, halafu inaandikwa kwamba mtoto "hakupata nafuu". Ranitidini, dawa nyingine ya kupunguza asidi, iliondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2020 kwa sababu ya kemikali inayohofiwa kusababisha saratani. Isitafutwe kwenye makabati ya zamani. Metoklopramaidi, dawa ya kuzuia kutapika, inaweza kumkakamaza shingo na macho mtoto mchanga. Na dawa za chango za chupa hazina kazi hapa. Aliye chini ya miezi 6 anatakiwa kunyonya tu.

Utauliza, mama aliyerudishwa bila kusikilizwa anakwenda wapi? Anakwenda kwa atakayemsikiliza. Mmoja atamwambia mtoto ana kimeo, nacho kitakatwa kwa wembe. Mtoto anavuja damu au anapata uambukizo wa koo. Mwingine atasema ni meno ya plastiki na kuzichokoa fizi. Mama mkwe, kwa nia njema kabisa, atashauri uji mwepesi mwezi wa tatu ili "tumbo lishike". Tunawakemea akina mama kwa haya siku ya kliniki, wakati walianza kwa kuja kwetu.

Kwa hiyo tunakuomba, Mganga Mkuu, uelekeze hivi. Kila mtoto wa chini ya miezi 6 anayeletwa kwa kutapika au kucheua aandikiwe kwenye kadi uzito bila nguo, rangi ya matapishi, kama yanaruka au yanatiririka, nepi zilizolowa kwa siku, kama alitazamwa akinyonya, na tarehe ya kurudi isiyozidi siku 7. Timu za usimamizi zinapozunguka wilayani zifungue kadi hizo na kuuliza palipo wazi.

Mtoto mwenye matapishi ya kijani asipandishwe ngazi moja moja, kutoka zahanati hadi kituo cha afya hadi hospitali ya wilaya. Hospitali itakayompokea ipigiwe simu, naye aende moja kwa moja. Kutoka Kyela hadi Mbeya mjini ni zaidi ya kilomita 100 za milima, na kila kituo cha katikati kinakula saa. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, namba ya simu 115, unasaidia wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Lakini mtoto wa wiki 5 mwenye mlango wa tumbo ulioziba ameshavuka siku 28 za uchanga. Tunaomba mkoa useme wazi, kwa maandishi, gari lake ni lipi na nani analipia mafuta.

Mwisho, kwenye ukuta wa kila kliniki yabandikwe maneno ambayo mama anaruhusiwa kuyasema bila kuonekana mkorofi: "Naomba mwanangu apimwe bila nguo na uzito uandikwe. Naomba unitazame nikimnyonyesha. Nirudi lini, na nikiona nini nisisubiri tarehe hiyo?" Na chini yake, kwa herufi kubwa, mtoa huduma aandikiwe kuwa maswali haya yanajibiwa.

Wako katika kazi,
Wauguzi, wakunga na matabibu wa kliniki za mama na mtoto, Mbeya