Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Visima, Sola na Zamu

Ndugu wanachama,

Ada zimelipwa, na vitunguu vimepata wanunuzi hadi Arua. Kwa hiyo mniruhusu muda wangu mwingi niutumie kwenye maji.

Enzi za pampu za dizeli hakuna aliyehitaji kuambiwa azime. Jerikeni ikiisha, pampu inanyamaza. Sola imeondoa breki hiyo. Ukishalipia paneli, jua halikudai kitu tena, basi mtu anavuta kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jioni, na hasara inamwangukia jirani. Hapa kwetu Koboko, Uganda, maji yetu yamo kwenye nyufa za mwamba na tabaka lililolika juu yake, si ziwa la chini kwa chini kama wengine wanavyodhani. Mwezi wa pili tuliteremsha kamba ya mafundo yenye jiwe, ya kupimia kina cha maji, kwenye kisima cha mama mmoja kule bondeni. Fundo la tisa lilirudi kavu, na mwaka uliotangulia lilikuwa linalowa. Pampu yake ilikuwa inakohoa hewa na tope, kabeji ndiyo kwanza zinaanza kufunga. Kiangazi kilikuwa kikali, sikatai, lakini visima vitatu vinavyomzunguka navyo havikupumzika hata siku moja.

Kwenye mkutano nilipendekeza kila saa ya kuvuta ilipiwe. Mkanishinda kwa kura, mkachagua zamu. Nakiri zamu zimeleta amani, na ugomvi wa usiku umekwisha. Ila mwenye Jumanne anavuta Jumanne hata kama mvua imenyesha Jumatatu usiku, maana asipovuta ameipoteza. Nilipita shamba moja nikakuta maji yanatiririka hadi barabarani. Mwenyewe akanijibu, "Mwenyekiti, leo ni zamu yangu." Alikuwa na haki, na mimi sikuwa na la kumjibu.

Ombi langu sasa ni kwamba asiyehitaji zamu yake aruhusiwe kumwachia jirani kwa bei watakayoelewana, katibu aandike daftarini. Na jumla ya saa za kuvuta za kila mwezi ipangwe kwa kamba: fundo likikauka, wote tupunguze kwa kiasi kimoja, mimi nikiwemo. Si jambo geni duniani. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alianza utafiti wake kwa wavuta maji ya ardhini wa California, ambako maji ya bahari yalikuwa yanaingia visimani kabla hawajakubaliana mgawo.

Kuhusu serikali: chini ya Kanuni za Rasilimali za Maji za 1998, kuvuta maji ya kisima kwa pampu ya mashine kunahitaji kibali, na sola nayo ni mashine. Wasio nacho wamwone katibu tupeleke maombi pamoja.

Kura ya ombi hili la zamu itapigwa baada ya hesabu za mweka hazina. Kamba iko hapa mezani, anayetaka kuhesabu mafundo aje.