Mama mkwe hataki lubugo nyumbani, na ndiyo inayotulisha

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Njeru, ng'ambo ya mto ukitokea Jinja. Baba yangu alikuwa askari kutoka Arua na nilizaliwa kambini, ndiyo maana Kiswahili ndiyo lugha ya kwetu. Mume wangu ni Mganda. Ndoa yetu haina neno. Shida iko kwenye kazi ya mikono yangu.

Uchoraji sikusomea popote. Nilianza na mabango ya saluni, vichwa vya wanawake waliosukwa, kwenye plaiwudi, kwa rangi ya mafuta ya kupaka milango. Nikikosea nafuta kwa tambara lenye mafuta ya taa, naanza upya. Miaka minne nilikula kwa mabango. Kisha duka moja la vitu vya watalii Jinja likaniambia picha za kanvasi wanazo tele, nilete kitu kingine. Nikajaribu lubugo.

Kwa wasioijua, lubugo (zikiwa nyingi, mbugo) ni nguo ya gome la mti wa mutuba. Gome linabanduliwa, linapondwa kwa nyundo za mbao mpaka linatanuka na kulainika, na likianikwa juani linageuka rangi ya udongo mwekundu. Mti wenyewe unafungwa kwa majani ya mgomba, unaotesha gome jingine. Ni kazi ya tangu enzi za wafalme wa Buganda, na mwaka 2008 UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya urithi wa dunia usioshikika.

Kipande changu cha kwanza kilinitoa machozi. Rangi ilizama yote, nguo ikajikunja kama ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa juani. Ilinichukua miezi kujua kwamba kwanza unailowesha, unaivuta kwenye fremu, unapigilia misumari midogo kuanzia katikati ya kila upande kwenda pembeni, unaianika, halafu unapaka gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji na kuiacha usiku kucha. Asubuhi ukiigonga kwa kidole inalia kama ngoma. Hapo ndipo unachora. Na ngozi za watu sizipaki rangi. Naiacha lubugo yenyewe iwe ngozi, naongeza kivuli na mwanga tu. Hilo nililigundua mwenyewe usiku mmoja rangi ya kahawia iliponiishia, na ndilo wateja wanalolipenda.

Duka linachukua kwa mali kauli. Picha ndogo inauzwa shilingi 70,000, yangu ni 50,000. Karo ya watoto inatoka humo. Sasa wameniagiza picha 24 kwa ajili ya msimu wa watalii unaoanza Juni. Oda kubwa namna hiyo sijawahi kuipata.

Baba mkwe alifariki mwaka jana, na mama mkwe akahamia kwetu. Shangazi, Waganda humzika maiti akiwa amevingirishwa lubugo. Nilikuwepo msibani, niliona ndugu na majirani wakizileta, kila mmoja na yake. Nilipaswa kukumbuka. Lakini Jumapili moja nililowesha vipande sita nikavianika kwenye kamba ya nguo. Mama akarudi kutoka kanisani, akasimama getini, mkoba mkononi, akauliza kwa Kiganda, kwa sauti ya chini: "Mbugo zote hizi, nani amekufa?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile haketi sebuleni kwa sababu fremu zimeegemezwa ukutani. Anakula chumbani kwake. Hajanitolea neno baya hata moja, na kimya hicho kinaniumiza kuliko matusi.

Mume wangu alijaribu kumwambia kwamba lubugo si ya msiba tu, kwamba hata Kabaka Mutebi, mfalme wa Buganda, alipotawazwa Naggalabi mwaka 1993 aliivaa. Mama akamjibu: "Kabaka aliivaa. Hakuipigilia misumari."

Nimefikiria kupanga chumba Jinja. Kodi, nauli ya boda na chakula cha mchana vinakula karibu faida yote, na mtoto mdogo hana wa kubaki naye. Nimerudi kwenye kanvasi pia. Tatu nilizopeleka zipo dukani tangu Krismasi. Jirani ananiambia nyumba ni yangu, nichore, mama atazoea. Ushauri huo siutaki. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni mtoto wangu wa kwanza nilipokuwa juani napaka mabango. Simwoni kama kikwazo cha biashara. Naona nimemgusa kidonda nisichokijua vizuri, mimi niliyekuja na mila nyingine.

Mume wangu ana wazo lake. Anataka nimchore marehemu baba yake kwenye lubugo, uso wake ukiwa ni gome lenyewe, nimpelekee mama chumbani. Anasema akimwona mzee pale ataelewa kazi yangu. Mimi naogopa. Picha yake ninayo, macho yake nayakumbuka, nimeshachora mistari ya kwanza kwa mkaa, na mkono ukasita.

Nimpelekee, au nitakuwa nimemzika mzee mara ya pili mbele ya mkewe? Na kama si hivyo, nimwendeeje mama, nianze na neno gani? Naomba hasa Waganda wanaosoma ukurasa huu wanieleze kama kuna namna ya kumwomba ruhusa mtu mzima juu ya jambo kama hili. Oda inatakiwa mwisho wa Mei, na vipande vyote viko chini ya kitanda, vikavu, sijavigusa.

Mchoraji, Njeru