Wazee wanaokimbia baridi ya Julai waelezwe habari za kusi

Mhariri,

Kila mwaka ifikapo Juni, kurasa za safari hutuonyesha bahari iliyotulia kama maji ya beseni na wazee wawili wameketi chini ya mnazi. Picha hizo ni za Januari. Januari ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, na ni msimu wa Wazungu wastaafu wanaokimbia theluji ya kwao na kujaa Malindi, Watamu na Diani. Mstaafu wa Nairobi hukimbia baridi ya Juni hadi Agosti, usiku unaposhuka hadi nyuzi 11 au 10 na magoti kuanza kulalamika. Wakati huo Pwani huvuma upepo mwingine, kusi. Bahari ni ile ile, lakini ratiba ya kaskazi haimfai mtu aliyekwenda na kusi.

Kusi hutoka kusini mashariki, tangu Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba. Julai mchana Mombasa huwa na nyuzi 27 au 28, na usiku joto hupungua hadi 21 hivi. Hapo ndipo mzee wa Nairobi anapofaidi, kwani Februari hali hiyo haipo. Hasara ni kwamba bahari nje ya mwamba wa matumbawe huchafuka, mwani hutupwa ufuoni malundo kwa malundo na kuoza, na vyombo vidogo hukaa nchi kavu siku nyingi. Kwa hiyo anayekodi nyumba ya miezi 2 aulize kwanza madirisha ya chumba cha kulala yanatazama wapi, kabla hata ya kuuliza bahari iko hatua ngapi. Yakielekea kusini mashariki, na upande wa pili pana mahali pa upepo kutokea, feni itapumzika. Hata ikifanya kazi, feni ya wati 60 kwa saa 10 hula uniti 0.6. Kiyoyozi cha wati 1,000 kikivuta sawasawa humaliza kiasi hicho kabla saa moja haijatimia, na wenye mita za tokeni wanajua kwamba matumizi ya mwezi yakipita uniti 30, kisha 100, bei ya kila uniti hupanda.

Siku yenyewe sasa. Wengi hubeba saa za Nairobi: matembezi saa kumi na mbili asubuhi, kuogelea saa kumi alasiri, kila siku vivyo hivyo. Wiki ya kwanza hufaulu, ya pili wakafika ufuoni na kukuta hakuna ufuo. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, huwa ni bamvua: maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, hupwa karibu saa nne asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku 7 baadaye ni maji mafu na mambo hugeuka. Maji hujaa karibu saa nne asubuhi, hupwa jioni, wala hayaendi mbali.

Kwa hiyo wiki ya bamvua wazee watembee asubuhi, kuanzia saa moja na nusu, maji yakishuka na kuacha mchanga mgumu usiozamisha kifundo, kisha waoge baharini alasiri. Wiki ya maji mafu waoge saa nne na watembee saa kumi na moja. Jua la kati ya saa tano na saa tisa si la kutembea kwa msimu wowote, hata wingu likitanda na upepo kukudanganya kwamba hakuna joto. Huo ni wakati wa kulala kidogo. Jioni nayo isichezewe, maana mwezi wa saba jua huzama kabla ya saa kumi na mbili na nusu na giza halichelewi.

Penye hatari ni mwambani. Maji ya bamvua yakitoka, watu hutembea hadi kwenye mwamba kutazama pweza na samaki wa rangi. Maji yakirudi hayaji kama ukuta kutoka mbele. Huingia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, kati ya mwamba na ufuo, na mzee aliyesimama pakavu hushtuka njia yake imekuwa mto. Saa ya tatu na ya nne baada ya kupwa ndipo maji hupanda kwa kasi kuliko wakati wote. Kanuni ya wavuvi ni rahisi: nenda yakiwa yanatoka, na yakigeuka tu, rudi. Viatu viwe vya plastiki vyenye kufunga kisigino, kwa ajili ya miiba. Kwenye mchanga wenye maji buruta miguu badala ya kuinua, ili samaki aitwaye taa, mwenye mwiba mkiani, akiwa amejifukia akusikie na kukimbia. Akichoma, tia mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kuungua, na uende hospitali.

Ndiyo sababu naomba gazeti hili lichapishe saa za kujaa na kupwa kwa maji kando ya utabiri wa hali ya hewa, angalau Jumamosi, kwa wiki nzima. Halmashauri ya Bandari hutoa majedwali hayo kila mwaka, na yangetosha katika nafasi ndogo kuliko ile ya nyota za bahati.

Jikoni, kinachowasumbua watu wa bara ni maji. Nyumba nyingi za Mtwapa, Bamburi na Diani hutumia maji ya kisima yenye chumvi. Sabuni haitoi povu, chai haina ladha, birika huota gamba jeupe, na githeri hutokota asubuhi hadi adhuhuri huku maharagwe yakibaki magumu, kwa sababu madini ya maji hayo huzuia ganda lisilainike. Gesi huisha bure. Nunua maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya mkokoteni, mitungi ya lita 20, ya kunywa na kupikia tu. Watu wawili huhitaji mtungi mmoja kwa siku 2 hivi. Maharagwe yaloweke usiku kucha kwa maji hayo hayo baridi. Au uyaache kabisa, ule mbaazi za nazi na mahamri kama wenyeji, mradi daktari wako wa moyo asijue ni mara ngapi kwa wiki.

Samaki wakati wa kusi ni wachache, kwa hiyo wa jana na juzi huuzwa kama wa leo. Funua mashavu uone wekundu, tazama jicho kama halijazama, bonyeza nyama uone kama inarudi. Changu na tafi wa ndani ya mwamba hupatikana hata siku za upepo. Jodari usimnunue kama hakuwa kwenye barafu: akikaa juani nyama yake hutengeneza sumu inayowasha mwili na kupandisha mapigo ya moyo, na kupika hakuiondoi. Siku ya Ijumaa maliza sokoni kabla ya saa sita, maana wengi hufunga kwa ajili ya sala.

Kuhusu dawa, wenye kisukari huambiwa wahifadhi insulini kwenye chungu chenye maji. Bara, kwenye hewa kavu, chungu hupoza vizuri. Pwani hewa tayari imejaa unyevu, maji hayakauki kwa haraka, na chungu hakipozi inavyotakiwa. Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Inayotumika hukaa nje wiki 4 kivulini. Anayemeza dawa ya presha ile ya kukojoza amwone daktari kabla ya safari, kwani jasho likiongezwa humletea kizunguzungu anaposimama.

Nyumba ya Nairobi nayo iachwe vyema: funga koki kuu ya maji na ya gesi, zima friji na uegemeze mlango wake wazi usije ukaota ukungu, mwaga kijiko cha mafuta ya kupikia kwenye kila mfereji wa sinki ili maji ya ndani yasikauke na harufu ikapanda, na uchomoe waya hasi wa betri ya gari. Tikiti ya treni ya Nairobi hadi Mombasa (Syokimau hadi Miritini), daraja la kawaida, imekuwa shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Kisu chako cha jikoni usikibebe, hakitavuka ukaguzi.

La mwisho ni malaria. Aliyeishi Nairobi miaka 40 hana kinga yake, hata kama alizaliwa Kisumu. Alale ndani ya chandarua chenye dawa hata upepo ukivuma, na aulize daktari mapema kuhusu vidonge vya kinga, maana vingine huanzwa kabla ya safari na kuendelea wiki 4 baada ya kurudi, na vingine havipatani na dawa za moyo. Ugonjwa huu huweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye, mzee akiwa amesharudi Nairobi katika baridi, na homa yake ikachukuliwa kuwa mafua ya Agosti. Akifika kliniki, neno la kwanza kwa daktari liwe kwamba ametoka Pwani, na apimwe damu siku hiyo hiyo.

Mstaafu,
Nairobi